Chooko, mpunga na gilasi sita: namna ya kufundisha jinsi seli ya mmea inavyodhibiti utengenezaji wa protini

Wanafunzi wanaoingia Kidato cha Tano huwa wameshauhifadhi ule mstari: DNA hunakiliwa kuwa mRNA, mRNA husomwa na ribosomu, protini hutoka. Wanausema bila kukwama. (DNA ndiyo maelekezo ya urithi, mRNA ni nakala yake ya kufanyia kazi, na ribosomu ni mtambo wa seli unaounda protini.) Waulize sasa kwa nini chooko iliyokaa kavu kwenye kopo tangu masika, ikilowekwa leo magharibi, kesho jioni imeshatoa mkia. Darasa zima litakujibu kwamba maji yameiamsha. Sawa, yameamsha nini? Hapo ndipo pananoga, kwa sababu jibu halianzii kwenye DNA. Mbegu ile ilikuwa na mRNA ndani yake muda wote, zimeshanakiliwa tangu ilipokuwa inakaukia kwenye ganda. Kilichokuwa hakifanyiki ni kusomwa.

Nafundisha bayolojia Wete, Pemba, kwenye skuli ambayo maabara yake ni kabati moja la vioo na mfereji unaotoa maji siku ukipenda. Kwa hiyo zoezi ninaloliandika hapa ni la vitu vya sokoni, na mwalimu mwenzangu au mzazi mwenye mtoto anayesoma sayansi anaweza kulifanya kwa wiki moja juu ya meza ya jikoni. Litaonesha kwa macho kwamba seli ya mmea inaweza kusimamisha kazi na kuianza tena, na kwamba kila mmea una namna yake ya kuchagua. Nitasema pia kile ambacho zoezi halioneshi, maana mbegu zilizolowekwa hupendwa sana kutumiwa kuthibitisha mambo zisiyoyathibitisha.

Vya kutafuta

Robo kilo ya chooko inatosha darasa zima na itabaki ya kupikia. Chagua ya mavuno ya karibuni; chooko kongwe haikosi mbegu ngumu zisizoshika maji, na mwanafunzi atadhani ameharibu yeye. Tafuta na mpunga konzi mbili, mpunga wenyewe wenye maganda, si mchele. Mchele uliokobolewa umeshapoteza kiinitete, ule mmea mchanga wa ndani ya punje, kinuni au mashineni, kwa hiyo hata ukiulowesha hadi Sikukuu hauoti. Pemba mpunga haukosekani, karibu kila mtu ana jamaa anayelima bondeni. Unguja muulize mtu wa Cheju au Bumbwisudi.

Usitumie kokwa la embe, mbegu ya fenesi, shokishoki wala tunda la mkarafuu. Mbegu za miti hii hazikubali kukaushwa. Aliyewahi kukuza miche ya mikarafuu anajua kwamba mbegu yake hupandwa mbichi, na ukiichelewesha ikakauka, imekufa. Seli zake haziingii kabisa katika ile hali ya ukavu na utulivu tunayotaka kuianzia.

Vilivyobaki: gilasi sita za kioo, kipande cha kanga kuukuu, mafuta ya kupikia, unga wa muhogo, kinu kidogo cha kutwangia thomu, kitambaa cha kuchujia tui, sahani nyeupe, na iodini ya duka la dawa, ile ya kahawia ya kutia kwenye jeraha.

Kuandaa gilasi

Chemsha maji kwa dakika kumi hivi, yafunike, yaache yapoe kabisa yakiwa yamefunikwa. Lengo la kuchemsha hapa si kuua vijidudu, ni kuitoa oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Ndiyo maana ukishayapoza, yamimine polepole kwa ubavuni mwa gilasi. Ukiyamwaga kwa kishindo yakatoa povu, umeirudisha ile hewa uliyoifukuza.

Gilasi ya kwanza tia chooko juu ya kitambaa chenye unyevu. Ya pili tia chooko, mimina maji yaliyochemshwa mpaka kati, kisha juu yake mafuta ya kupikia unene wa kidole ili hewa isipenye. Ya tatu fanya kama ya pili, ila hii baada ya siku moja, usiku na mchana, utazitoa chooko zake, utazisuuza, na kuzihamishia juu ya kitambaa. Ya nne ni mpunga juu ya kitambaa, na ya tano ni mpunga chini ya maji na mafuta. Ya sita tia chooko ulizozichemsha kwanza kwenye sufuria, uziweke juu ya kitambaa kama za kwanza.

Wanafunzi kila mwaka wanataka kuiacha ya sita. Usiwaruhusu. Chooko iliyokufa nayo huvimba vizuri tu ikipata maji, na mtoto akishaliona hilo hatakuandikia tena kwenye mtihani kwamba mbegu kuvimba ni dalili ya uhai.

Gilasi za kitambaa zifunike kwa kanga iliyolowa, zisuuzwe asubuhi na jioni, zikae mbali na jua. Zile zenye mafuta usiziguse. Kila anayetikisa gilasi ili aone vizuri anaingiza hewa.

Utakachokiona

Kwa joto letu, chooko ya gilasi ya kwanza hutoa mzizi mapema, mara nyingi kesho yake jioni. Ya pili huvimba, ngozi hupasuka, moja moja hutoa ncha ndogo, basi. Inabaki pale pale mpaka ianze kunuka. Ya tatu, baada ya kutolewa majini, huchelewa lakini nyingi huendelea na safari. Ya sita inavimba na kuoza.

Mpunga wa gilasi ya nne unachukua siku zake, kisha unatoa mzizi na chipukizi. Kaa zaidi na gilasi ya tano. Kuanzia siku ya nne hivi, inamia uitazame kwa ubavuni, ukiweka karatasi nyeusi nyuma yake. Utaona kwenye punje kimetoka kitu cheupe, chembamba, kinanyooka kwenda juu kuyatafuta mafuta. Ile ndiyo kolioptili, ala inayofunika chipukizi. Sasa tafuta mzizi. Hakuna. Punje ya gilasi ya nne imetanguliza mizizi na majani, na hii iliyozama imeweka kila ilichonacho kwenye ala moja ya kupandia juu. Mbegu ya gunia moja, siku moja, nyumba moja, na viungo vinavyokua ni tofauti kabisa. Mkulima wa bondeni hatashangaa, kwani ameshaona mpunga ukichomoza katika maji ambamo kunde ingeoza. Darasani, hiyo ndiyo gilasi inayozaa maswali.

Kueleza gilasi ya kwanza: mRNA zilizowekwa akiba

Mbegu inapokomaa, seli za kiinitete hunakili mRNA nyingi na kuziweka. Katika mmea mdogo wa Arabidopsis, ambao wanasayansi wa mimea wameuchunguza kuliko mwingine wowote, mbegu kavu imekutwa na aina zaidi ya 12,000 za mRNA. Ribosomu nazo zimo. Ila kwenye mbegu kavu ribosomu nyingi ziko mojamoja, hazikupanda juu ya mRNA. Maji yakiingia, baada ya muda mfupi zinaanza kupanda, tano, kumi, zikifuatana juu ya mRNA moja, kila moja ikitoa mnyororo wake wa protini. Msururu huo unaitwa polisomu. Mtafiti akitaka kujua kama seli inasoma mRNA zake au imezihifadhi tu, hupima polisomu ni nyingi kiasi gani. Huisaga sampuli, huimwaga juu ya safu za maji ya sukari yanayozidi uzito kuelekea chini, kisha huizungusha kwa kasi kubwa. mRNA yenye ribosomu nyingi ni nzito, huzama mbali. Isiyo na kitu hubaki juu.

Tulijuaje kwamba ni akiba ya zamani, si mRNA mpya? Mwaka 1965 Leon Dure na Larry Waters walilowesha viinitete vya pamba ndani ya aktinomaisini D, dawa inayozuia kunakiliwa kwa RNA. Utengenezaji wa protini uliendelea, na viinitete vikaanza kuota. Mwaka 2004 Loïc Rajjou na wenzake huko Ufaransa wakafanya jaribio la Arabidopsis ambalo mimi hulichora ubaoni kila mwaka, kwa sababu lina pande mbili. Mbegu zilizotiwa alfa-amanitini, sumu ya uyoga inayozuia kunakili, zilitoa mzizi, ingawa mche haukuweza kukua mbele. Mbegu zilizotiwa saikloheksimaidi, inayozuia ribosomu kusoma, hazikuota. Zuia kunakili, mzizi unatoka. Zuia kusoma, hautoki. Kwa hatua ile ya kwanza mbegu inajitegemea kwa akiba.

Sumu hizo hazina nafasi jikoni wala skuli. Wala usimruhusu mwanafunzi mwenye bidii akuletee mbegu za mnyonyo badala yake. Ndani yake mna risini, protini ambayo Yaeta Endo wa Japani na wenzake walionesha mwaka 1987 kwamba inaondoa adenini moja tu, yaani herufi A moja, kwenye RNA ya ribosomu, na ribosomu hiyo haifanyi kazi tena. Inaua watu.

Jaribio la iodini, na tahadhari yake

Siku ya tano chukua mpunga mkavu, mpunga wa gilasi ya nne na wa gilasi ya tano, kijiko kimoja kimoja. Twanga kila mmoja peke yake kwenye kinu cha thomu na maji vijiko viwili, ukikiosha kinu vizuri kila mara. Chuja kwa kitambaa cha tui, acha kituame, chukua maji ya juu. Pembeni chemsha robo kijiko cha unga wa muhogo kwenye kikombe kimoja cha maji, upate uji mwepesi sana, uache upoe. Changanya kiasi sawa cha uji na cha maji ya mpunga. Kila baada ya dakika chache dondosha tone la mchanganyiko kwenye sahani nyeupe na tone la iodini juu yake. Iodini ikiwa ya povidoni, izimue kwanza kwa maji, rangi yake ni nzito.

Ule wa mpunga mkavu utabaki bluu iliyoiva karibu nyeusi. Ule wa mpunga ulioota utageuka zambarau, kisha kahawia, mwisho rangi ya iodini tu, kwa sababu amilesi, kimeng'enya (yaani protini ya kuharakisha mabadiliko ya kemikali), kimeukata wanga. Na ule wa gilasi ya tano, uliokaa bila hewa? Nao huukata, pengine polepole zaidi. Ngano na shayiri zikikosa oksijeni haziwezi kutengeneza amilesi hiyo. Mpunga unaweza, na ndiyo sababu moja kubwa inayoufanya uote majini: unaivunja akiba yake ya wanga na kuchachusha sukari ipatikanayo.

Tahadhari ni hii. Mwalimu asiseme kwamba amilesi ni ushahidi wa mRNA za akiba. Sivyo. Kwenye nafaka inayoota hewani, kiinitete hutoa homoni ya jiberelini, nayo huziamrisha seli za tabaka la nje la punje zinakili mRNA mpya za amilesi. Udhibiti huo uko kwenye kunakili. Nimeliweka jaribio hili hapa makusudi, mwanafunzi aone kwamba protini kuongezeka hakukwambii peke yake ni mlango upi uliofunguliwa: wa kunakili, wa kusoma, au wa kuzuia protini isivunjwe. Kutofautisha kunahitaji yale majaribio ya pande mbili.

Kueleza gilasi ya pili, ya tatu na ya tano: kukosa oksijeni

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani mbegu inajua kama imezama?" Inajua, na kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionesha kwamba mimea ina protini fulani za kuwasha jeni ambazo oksijeni ikiwepo huvunjwa mfululizo, na oksijeni ikipungua hubaki na kufanya kazi. Lakini hata kabla ya hizo, seli inaishiwa nishati, na kusoma mRNA ni kazi ghali. Kuunganisha asidi amino moja tu, tofali moja la protini, kwenye mnyororo kunagharimu vifungo vinne vya fosfeti vyenye nishati, viwili vya kuipakia asidi amino kwenye RNA chukuzi, inayoibeba hadi kwenye ribosomu, na viwili vya kazi ya ribosomu. Penye oksijeni glukosi moja huipa seli ATP, molekuli inayobeba nishati, takriban 30. Kwa kuchachusha, inapata 2.

Mfano ninaoutumia ni wa fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Nguo zimeshakatwa zote, kila moja imefungwa na jina la mwenyewe. Umeme unakatika. Fundi hazichani nguo zile wala hazirudishi kwa wenyewe. Anazikunja kapuni, anahamia kwenye cherehani ya miguu, na kwa nguvu za miguu yake anashona zile chache ambazo zikikosekana asubuhi ya Sikukuu patakuwa na ugomvi. Umeme ukirudi, kapu linafunguliwa na kazi inaendelea bila kukata kitambaa upya.

Ndivyo ilivyoonekana kwenye mizizi ya mahindi. Mwaka 1980 Martin Sachs, Michael Freeling na Ronald Okimoto waliinyima hewa mizizi ya mahindi. Protini za kawaida zikaacha kutengenezwa, na baada ya saa chache kazi karibu yote ikawa ya protini takriban 20 tu, nyingi zikiwa vimeng'enya vya kuvunja sukari na kuchachusha. Wakazitoa mRNA za zile protini za kawaida na kuzisomesha nje ya seli, ndani ya chombo. Zikasomeka. Kwa hiyo hazikuwa zimeharibiwa, seli ilikuwa imekataa kuzisoma.

Kapu lenyewe limeonekana pia. Mwaka 2014 Reed Sorenson na Julia Bailey-Serres, Chuo Kikuu cha California pale Riverside, walieleza kuhusu protini iitwayo UBP1. Hewa ikipungua hushikana na mRNA zenye herufi U nyingi mwishoni mwake na kujikusanya nazo vifungu vifungu ndani ya saitoplazimu. Hewa ikirudi, vifungu vinavunjika upesi na mRNA zinarudi kwenye ribosomu. Hapo sasa mwite mwanafunzi arudi kuitazama gilasi ya tatu.

Gilasi ya tano ukiifungua utasikia harufu ya kuchacha. Ni ethanoli hiyo pamoja na vijidudu vilivyojialika, na ndiyo alama kwamba vimeng'enya vya dharura viko kazini.

Mlango wenyewe uko wapi

Sehemu kubwa ya udhibiti hufanyika pale ribosomu inapoanza kupanda, kabla haijaunganisha hata asidi amino mbili. Ina mantiki: ukitaka kubana matumizi, zuia kazi isianze, usiikatize katikati.

Mlango wa kwanza ni wa jumla. Ili ribosomu ianze, RNA chukuzi ya kwanza lazima iletwe na protini iitwayo eIF2. Mmea ukikosa asidi amino, RNA chukuzi zisizo na mzigo zinaongezeka, zinakiwasha kimeng'enya GCN2, nacho kinaibandika eIF2 fosfeti na kuipunguza kasi. Wakulima wanaopuliza glaifoseti kuua magugu wanakiwasha kimeng'enya hiki bila kukijua, kwa kuwa dawa hiyo huuzuia mmea kutengeneza asidi amino tatu. Upande wa pili kuna TOR, kimeng'enya kinachosukuma usomaji mbele wakati sukari na mwanga vipo.

Mlango wa pili ni kofia. Kila mRNA iliyonakiliwa kwenye kiini cha seli, inakokaa DNA, ina kofia ya kemikali mwanzoni na mkia wa herufi A nyingi mwishoni. Protini ya eIF4E hushika kofia, protini nyingine hushika mkia, ncha mbili zikakutana, na ribosomu ikaitwa. Mimea ina eIF4E ya aina zaidi ya moja, na hili kwetu si jambo la vitabuni tu, kwa sababu ya muhogo. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao majani huweza kuonekana mazuri ukadhani umesalimika, kisha ukichimba unakuta muhogo una madoa makavu ya kahawia ndani, ulielezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti H. H. Storey aliyekuwa Amani, milima ya Usambara, mwaka 1936. Virusi wake wako katika ukoo ambao RNA yao haina kofia. Wana protini yao wenyewe, VPg, wanayoipachika mwanzoni mwa RNA, nayo inashikana na eIF4E ya mmea kana kwamba ni kofia halali. Wanaingia kwa mlango ule ule. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ambayo watafiti walihariri jeni mbili za jamii ya eIF4E kwenye muhogo, ziitwazo nCBP-1 na nCBP-2. Dalili zilipungua, pamoja na madoa ya ndani ya muhogo, ingawa ugonjwa haukutoweka kabisa. Mmea wenyewe haukufa kwa kukosa jeni hizo kwa kuwa ulibaki na ndugu zake za kufanya kazi ya kila siku. Kwa maoni yangu huu ndio mfano wa kumpa mtoto wa Pemba kabla ya mwingine wowote, maana muhogo ulioharibika ameshawahi kuukata kwa kisu chake.

Mlango wa tatu naupenda kwa ujanja wake. Karibu theluthi ya mRNA za mimea zina, kabla ya ujumbe wenyewe, kijisomo kifupi chenye AUG yake, yaani herufi za kuanzia kusoma, na alama yake ya kusimama. Ribosomu inakutana nacho kwanza, na mara nyingi ikishakisoma inaondoka bila kufika kwenye ujumbe. Chukua mRNA ya bZIP11, protini inayosimamia mambo ya sukari na asidi amino. Kijisomo chake hutoa mnyororo mdogo wa asidi amino 42. Sukrosi ikiwa nyingi ndani ya seli, ribosomu hukwama ikikisoma, na bZIP11 haitengenezwi. Kundi la Sjef Smeekens, Chuo Kikuu cha Utrecht, lililieleza jambo hili kuanzia mwaka 1998. Sukari yenyewe, bila kupitia kiini, imefunga usomaji.

Vitamini C inajidhibiti hivyo hivyo. mRNA ya kimeng'enya GGP, ambacho ndicho kinachobana mwendo mzima wa kuitengeneza, ina kijisomo kinachoanza kwa ACG badala ya AUG, na vitamini ikizidi, usomaji wa kimeng'enya unazimwa. William Laing na wenzake huko New Zealand walilichapisha hilo mwaka 2015. Mwaka 2018 watafiti wa China walikiharibu kijisomo hicho kwenye letasi na vitamini C ikapanda kwa takriban asilimia 150. Hawakuongeza jeni, walitoa kizuizi.

RNA ndogo nazo zimo. Mfano mmoja ni miR172, inayozuia kusomwa kwa mRNA ya APETALA2 wakati ua linajengwa. Na kumbusha darasa kwamba kloroplasti ina ribosomu zake, za umbo la bakteria, zenye udhibiti wake unaofuata mwanga. Protini yake ya D1, ya kazi ya usanisinuru, huungua juani kila siku na lazima isomwe upya. Kwa Kidato cha Tano inatosha hapo.

Usiseme gilasi zimeonesha zisichoonesha

Gilasi hazioneshi mRNA. Hazioneshi polisomu, wala UBP1, wala GCN2. Zinaonesha kwamba chooko bila oksijeni inasimama, kwamba ikirudishiwa inaendelea, na kwamba mpunga una mpango mwingine. Maelezo ya ndani yametoka kwa watu wenye mashine, na mwanafunzi aandike hivyo kwenye ripoti: nimeona hiki, na majaribio ya fulani yanaeleza kile. Mimi humnyima alama anayeandika "tuliona mRNA zikihifadhiwa", na simnyimi aliyeandika kwamba gilasi yake ya tatu haikuota, ilimradi ameeleza alichokiona.

Atakayetaka kuendelea, ajaribu chumvi, maana mabonde yetu ya karibu na bahari yanaingiliwa na maji chumvi na watoto wanalijua tatizo. Changanya maji ya bahari sehemu moja kwa tisa za maji matamu, gilasi nyingine moja kwa nne, na ya tatu maji matamu matupu. Zote ziwe juu ya kitambaa, si chini ya maji, usije ukachanganya chumvi na kukosa hewa. Kabla ya kuloweka pima chooko za kila gilasi kwenye mzani wa duka, na uzipime tena kesho yake zikiwa zimefutwa. Chumvi huzuia maji kuingia kwenye mbegu, kwa hiyo iliyochelewa kuota huenda ilikuwa na kiu tu. Lakini ukikuta chooko ya maji chumvi imenyonya maji sawasawa na ya maji matamu na bado haijatoa mkia, kiu umeshaiondoa. Tatizo liko ndani ya seli, na maswali ya kusomwa kwa mRNA yanaweza kuanza kuulizwa.